Kocha Aliyepita Mlangoni

Usiku ule niliingia kulala na kelele za tawi zikiwa bado masikioni mwangu. Nilikuwa nimeswali Isha, nikaongeza rakaa mbili za istikhara, nikamwomba Mwenyezi Mungu atuchagulie lenye heri katika jambo ambalo wengine wataliona dogo: nani awe kocha wa timu yetu. Sioni haya kulisema. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba mja amwombe Mola wake hata ugwe wa kiatu ukimkatikia.

Timu yetu tunaiita Chemchemi. Ni timu ya mji wa reli, jezi zake za kijani, na mimi ni mwenyekiti wa wazee katika tawi la mashabiki lililo nyuma ya soko. Tawi lenyewe ni chumba kimoja chenye mabenchi manne. Kwa kuwa nasomesha Kurani, wote pale huniita Maalim, na kabla ya kila mechi kubwa mimi ndiye ninayeombwa dua. Ni neema. Umri huu nilio nao, wengi wa rika langu hawaitwi tena na mtu yeyote.

Msimu huo tulikuwa tumefungwa mpaka hatuzungumzii tena kombe. Tulizungumzia kutoshuka daraja tu. Kocha alikuwa ameondoka na begi lake, na viongozi wa klabu wakatutumia ujumbe: kila tawi lilete jina moja la mtu linayemtaka. Kwa hiyo Ijumaa ile baada ya Alasiri tulikutana, na hapo ndipo zilipoanza zile kelele.

"Tuchukue wa nje," alianza Chande. Chande ni kinyozi, na hoja zake huzitoa kama anavyonyoa, haraka na bila kumwuliza mwenye kichwa. "Kocha wa nje hapangiwi timu na mtu. Kiongozi akimpigia simu amwambie mchezeshe mpwa wangu, anajibiwa kwa lugha asiyoijua, simu inakatika."

"Na wachezaji nao akiwaambia rudini nyuma, wataelewa kwa lugha gani?" aliuliza Mama Zuhura, ambaye huuza chapati mlangoni pa tawi na hajakosa mechi ya nyumbani tangu nimjue.

"Atakuja na mkalimani."

"Ee! Watu wawili kwa timu isiyo na bao. Tukifungwa tutamfukuza nani, kocha au mkalimani?"

Watu walicheka. Mmoja akamtaja Kibwana, mshambuliaji wetu wa zamani, na Chande akamrukia. "Kibwana ana bao moja tu katika maisha yake, na kila mwaka linatoka mbali zaidi. Mwaka jana alilipiga kutoka katikati ya uwanja. Mwaka huu amelipiga kutoka stesheni."

Hata mimi nilicheka. Ndipo Mama Zuhura akajifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Mie namtaka Idrisa."

Vichwa vilimgeukia. Kisha Chande akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi, "Idrisa yupi? Yule wa mlangoni? Atupitishe tena mlangoni, safari hii mpaka daraja la tatu?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha Kibwana. Mama Zuhura hakucheka. Alinitazama mimi.

"Maalim, sema basi."

Nilirekebisha kofia yangu. Nikasema, "Tuliache hadi kesho, baada ya Alasiri, kila mtu awe ametulia."

"Haya, Maalim," alisema. "Ila siku ile nayo ulisema kwa upole huohuo."

Na hilo ndilo lililonifuata mpaka kitandani, kwa hiyo sina budi kueleza siku ile ilikuwa siku gani.

Misimu miwili nyuma, Idrisa ndiye aliyekuwa kocha wetu. Kijana wa hapahapa, mpole, anayewaamsha wachezaji wake alfajiri wakimbie kufuata reli. Tulikuwa na mechi moja ya ugenini, na kwa mechi za namna hiyo timu yetu ina mazoea yake, kama zilivyo timu nyingi. Basi haliingii kwa lango kubwa. Husimama nyuma ya uwanja, ngazi huegemezwa ukutani, na wachezaji hupanda mmoja mmoja na kurukia ndani, kwa sababu inaaminika kwamba wenyeji wameshafukia kitu langoni, na atakayelivuka lango miguu yake itakuwa mizito. Mashabiki huwashikia ngazi. Mimi sikuwahi kuishika. Nilisimama pembeni na tasbihi yangu, nikijiambia kwamba kutoishika kunatosha.

Siku hiyo Idrisa alikataa ngazi. Aliwaambia wachezaji, "Nyinyi si wezi. Fuateni lango." Wakaingia kwa lango, tukafungwa bao moja kwa bila, dakika za mwisho, kwa mpira wa kona ambapo beki wetu alisahau kumkaba mtu wake. Kila mwenye macho aliliona kosa lile. Lakini tuliporudi mjini hakuna aliyezungumzia kona. Lilizungumzwa lango.

Mkutano uliitishwa tawini, Idrisa mwenyewe akiwa amekaa mbele yetu na mikono mapajani. Wengi walitaka aondoke. Wachache wakasema haya mambo ya kufukia ni upuuzi. Ubishi ulipokwama, mtu mmoja akasema, "Tumwulize mwenye elimu," na wote wakanigeukia. "Maalim, lango lina neno au halina?"

Nilijua jibu. Nimelisoma, nimelisomesha, nimewaandikia watoto ubaoni: anayenufaisha na anayedhuru ni Mwenyezi Mungu peke yake, na anayeogopa kitu kilichofukiwa chini ya lango ameipunguza imani yake kwa hiari yake. Lakini niliwatazama wale watu ninaowapenda, walivyokuwa na hasira, nikaona kwamba nikilitamka hilo nitawaambia kuwa ngazi yao ile ya miaka yote ni dhambi, na pengine sitaombwa dua tena. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

Neno la kweli. Hakuna neno la kweli kuliko hilo. Na wote pale walilisikia kama ndiyo. Idrisa aliondolewa jioni ileile.

Aliyekuwa amekaa benchi moja na mimi siku hiyo ni Salehe, rafiki yangu tangu tukiwa chuoni tukisoma juzuu ya kwanza. Salehe alikuwa fundi viatu. Viatu vyote vya Chemchemi vilipita mikononi mwake, na alivishona kabla ya viatu vya harusi. Niliposema neno langu aliinuka, akamsindikiza Idrisa mpaka nje. Tangu siku hiyo tulibaki marafiki, tukisalimiana, tukitembeleana Idi, lakini tawini hakukaa tena benchi langu. Alikaa la mbele yake, na mimi nilizoea kumwona kisogo. Kisha maradhi yakamchukua, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami ni miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea.

Sasa naisimulia ndoto, na nitangulize neno. Istikhara ni kumwomba Mungu akuchagulie, si kuagiza ndoto, na ndoto haisimamishi hukumu. Wanachuoni wametutenganishia ndoto za rehema, ndoto za nafsi na ndoto za shetani, na sidai kujua yangu ilikuwa ya kundi gani. Nasimulia nilichokiona.

Nilijikuta juu ya ukuta.

Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa uwanja, miguu huku na huku, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa, na kanzu imenasa kwenye vipande vya chupa vilivyopangwa kule juu. Hapakuwa na watu. Majani ya uwanjani yalikuwa yamekatwa upya na mwanga ulikuwa kama wa baada ya mvua, usiotoka upande wowote. Nilitafuta ngazi kwa mguu wa kulia, haipo. Nikatafuta kwa mguu wa kushoto, haipo. Sikuogopa. Niliona haya tu, kama mtu aliyeingia nyumba ya wakwe kwa dirisha.

Kisha namwona Salehe. Anakuja kutoka upande wa lango, na lango liko wazi, pande zake zote mbili. Amevaa shati lake la kazini, lenye madoa ya gundi kifuani. Hana ule wembamba wa siku za mwisho. Anavuka lango, anafika karibu na mstari, anarudi, analivuka tena, bila haraka, kama mtu anayetembea kati ya chumba chake na ua wake. Nataka kumwita nikakumbuka kwamba amekufa, na kukumbuka huko hakunishangazi. Nasema, "Assalaam alaykum, Salehe."

Anaitikia. Sauti ileile.

Nikamwambia, "Salehe, umekuja kwa jambo la kocha. Tumchukue nani?"

Akanitazama kwa muda, na nikaona anatabasamu, kile kicheko chake cha ndani alichokuwa akikitoa mtu alipomletea kiatu kimoja badala ya viwili.

"Hilo ni lenu walio hai," alisema.

Nikataka kumwuliza basi amekuja kwa lipi. Lakini ukuta haupo tena. Niko chuoni kwangu, kwenye mkeka, na mbele yangu wamekaa wanafunzi, mbao mapajani, wanasoma kwa pamoja wakiyumba mbele na nyuma. Nasikiliza kwa furaha, maana usomaji ni mzuri, hakuna anayekosea. Kisha naziona nyuso. Ni watu wa tawi. Chande yumo, na ndevu zake, amekunja miguu yake mirefu kama mtoto. Mama Zuhura yumo upande wa wanawake. Wote wanasoma neno moja tu, wanalirudia: Mungu ndiye ajuaye, Mungu ndiye ajuaye. Wanalisoma kwa sauti yangu.

Nikainua mkono wanyamaze. Hawanyamazi. Wanaendelea kwa heshima, kwa tajwidi, kila herufi mahali pake, na moyo wangu unaingia baridi, kwa sababu naona kwamba ni mimi niliyewafundisha kulitumia hivyo.

Nyuma kabisa, karibu na viatu, amekaa Salehe. Naye ana ubao mapajani, lakini hasomi. Ameinua kidole, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Wote wakanyamaza.

"Mungu anajua, Maalim," alisema Salehe. Hakuwahi kuniita Maalim alipokuwa hai. "Na wewe, ulikuwa unajua nini?"

Nikafungua kinywa. Jibu lilikuwepo lote, limepangika, lakini halikutoka. Watu wa tawi wananisubiri kwa upole. Hakuna anayenicheka, hakuna aliyekunja uso. Ningependa wangenicheka. Nazungusha shanga za tasbihi, na kila shanga inayopita ni mtu aliyewahi kuniuliza jambo nikamjibu kwa namna ya kubaki naye vizuri.

Sijui tulitokaje pale. Tunatembea mimi na Salehe kando ya uwanja wa shule ya msingi. Kuna mtu ameinama, anachora mistari ya uwanja kwa majivu, anachota kwenye ndoo na kumwaga, anachota na kumwaga. Ni Idrisa. Yeye hatutazami sisi. Mstari wake umenyooka, na unapofika mwisho upepo unaupeperusha, naye anarudi mwanzo bila kunung'unika. Nataka Salehe amwambie apumzike.

"Mwambie wewe," nilisema.

Salehe alisimama. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa na joto. Nikasikia zile sugu za sindano na uzi kwenye vidole vyake, moja moja.

"Mimi nimekwisha kunyamaza," alisema. "Wewe bado unasema."

Nikasema. Sasa sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyotaka. Nikasema, "Nilijua! Nilijua!" na nilipokuwa nikisema nikaona dari ya chumba changu, na taa ya ukumbini ikipenya juu ya mlango, na mke wangu, Bi Mwajuma, amekaa kitandani ameshika bega langu.

"Ulijua nini, baba Shamte?" aliuliza.

Nilikuwa nimelowa jasho na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilimhimidi Mwenyezi Mungu. Kisha nikamweleza. Si ndoto tu. Nilimweleza mkutano ule, swali nililoulizwa na jibu nililotoa, na kwa nini nilitoa lile. Misimu miwili ilikuwa imepita na sikuwa nimemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta ushungi wake.

"Salehe alikuja hapa baada ya ule mkutano," alisema. "Hukuwepo, ulikuwa chuoni. Aliomba maji, akanywa, akasema, mwambie nimepita. Nikamwuliza, nimwambie nini zaidi? Akasema, atalipata mwenyewe. Nikadhani ni mambo ya mpira."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia alipita. Hukuuliza."

Kisha akasema, "Basi usiishie kwangu. Mimi si kocha."

Niliswali Alfajiri msikitini, nikamwombea Salehe kwa jina lake na la mama yake, na jua lilipopanda kidogo sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa Idrisa. Anakaa mtaa wa pili kutoka stesheni, na siku hizi anawafundisha watoto wa shule mpira jioni na asubuhi anafanya kazi katika karakana ya baiskeli. Nilimkuta uani anajaza upepo tairi. Alisimama haraka, akafuta mkono, akainama kunipa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Endelea kukaa. Mimi ndiye wa kusimama."

Hakukaa. Tukasimama wote wawili, bomba la upepo katikati yetu.

Nikamwambia, "Idrisa, siku ile waliponiuliza kuhusu lango, nilikuwa najua. Nilijua kwamba halina neno. Nilijua tulifungwa kwa kona. Nilijua wewe ndiye uliyefanya lililo sawa mbele ya Mungu na mbele ya mpira, na mimi mwenye elimu nikajificha nyuma ya jina lake Mola nisije nikachukiwa. Nimekuja kukuomba radhi."

Nilisikia upepo ukitoka katika tairi taratibu, kwa kuwa hakuwa amefunga kipira cha kuzuia upepo. Nilijiandaa kusikia chochote. Nilisema moyoni kwamba akinifukuza, nitakwenda, na nitashukuru kwamba nilifika.

"Maalim," alisema, "lile la kufukuzwa lilipita. Makocha hufukuzwa. Lililonisumbua ni jingine. Nilirudi nyumbani siku ile nikamwuliza mama, je, huenda kweli kuna kitu pale langoni? Kwa sababu kama Maalim hakukataa, mimi ni nani? Tangu hapo, kila nikipita lango la uwanja wowote, hata la shule hii ya watoto, mguu wangu husita. Mimi niliyewaambia wenzangu wafuate lango."

Hapo ndipo nilipolia. Nilidhani nilimnyima kazi. Sikujua kwamba nilimtia hofu ambayo hakuwa nayo.

Nilimwambia neno ambalo nilipaswa kulisema misimu miwili nyuma, kwa dalili zake, aya kwa aya, kama ninavyowasomesha wanafunzi wangu, nikiwa nimesimama uani kwake kati ya baiskeli. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza alivuta pumzi ndefu.

"Nimekusamehe, Maalim. Mungu atusamehe sote."

"Leo Alasiri tunapeleka jina," nilisema. "Nitalisema hili mbele ya watu wote. Ukitaka, nitalitaja na jina lako."

Idrisa alichuchumaa, akafunga kipira cha tairi, akalibonyeza kwa kidole gumba kuona kama limeshika. Hakunitazama aliponijibu, lakini kila neno nililisikia, na hilo ndilo nililotoka nalo kwenda tawini, nikalitamka mbele ya Chande na Mama Zuhura na wenzao kabla sijakaa, baada ya kuungama langu.

"Waambie ukweli wa siku ile, basi. Halafu waache wachague. Nimezoea kukataliwa, Maalim. Ila safari hii wakinikataa, wanikatae kwa mpira."